Yule Nisiyemtaja

Mwaka tisini na sita nilikuwa mtunza masijala katika ofisi moja pale Bariadi mjini, na nilikuwa nimebakiza miezi mitatu kupunguzwa kazi. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kupunguzwa, utadhani sisi tulikuwa chumvi iliyozidi kwenye mboga. Kabla ya kuondoka nikapewa kazi ya mwisho: kusafisha chumba cha nyuma. Bosi alisimama mlangoni, leso puani, akasema chochote cha kabla ya Uhuru kichomwe moto. Sikumjibu. Mtu akishajua anaondoka, kuna majibu anayaweka akiba.

Sikuchoma kitu kabla ya kukisoma. Ndiyo tabia yangu na sijawahi kuiombea msamaha. Siku mbili nzima nilisoma barua za watu waliokwisha kufa wakiombana ruhusa za kuhamisha ng'ombe. Siku ya tatu nikafungua ramani, pana kama kitanda cha futi nne, ya nchi yote kuanzia Ngulyati kwenda mashariki. Ilikuwa ya mwaka 1954. Majina ya vijiji yalipigwa chapa na nusu yake yamekosewa. Lakini juu ya ile chapa, kwa penseli iliyochongwa vizuri, mtu mwingine alikuwa ameandika yake kwa Kiswahili, herufi ndogo zilizosimama wima.

"Kisima cha Salu. Maji ya chumvi. Ng'ombe hawajali, watu wanalalamika."

"Hapa Bwana Mkubwa amesema pana maji. Nimechimba futi ishirini. Hapana."

"Usipite hapa jioni. Fisi."

Nilicheka peke yangu mle chumbani mpaka mhudumu wa chai akachungulia. Pembeni chini kulikuwa na jina: Athanasi Mhoja, mshika mnyororo. Zamani wapimaji ardhi walipima kwa mnyororo wa chuma, na Mwafrika ndiye aliyeuvuta porini, kwenye miba na nyoka, huku mwenye kofia akiandika. Huyu Athanasi inaonekana aliamua na yeye aandike. Nilimpenda hapo hapo.

Nikafuata penseli yake kwa kidole mpaka nikafika kijijini kwetu, Mwabulimba. Kwenye mteremko wa kilima, upande ambao siku hizi haukai mtu, alikuwa ameweka alama ya msalaba na maneno haya: "Hapa maji hayakauki hata mwaka wa njaa. Nimeambiwa na yule nisiyemtaja. Hatua 340 kutoka nilipokaa, kuelekea jiwe jeupe."

 Mezani kwangu kulikuwa na barua ya Mwabulimba, ya kuomba kibali cha kuchimba kisima kirefu, nacho kilikuwa kimekwisha kutolewa. Miaka ya nyuma serikali ilikuja na mitambo yake ikachimba, na kisima kikitoka kikavu watu walilaumu serikali wakarudi majumbani. Sasa mambo yalikuwa ya soko huria. Kampuni binafsi ilitoka Mwanza na lori lake, na kijiji kilijilipia chenyewe. Mwabulimba walichanga pamba ya misimu miwili. Pamba hiyo ilitosha shimo moja tu. Likitoka maji, heri. Likitoka vumbi, lori linageuza na kwenda kwa wengine, na wanawake wa Mwabulimba wanaendelea kufukua mchanga wa mto kuanzia Julai mpaka mvua zirudi, mtu anakaa saa mbili akingoja ndoo ijae maji ya rangi ya chai.

Mama mdogo wangu Jenipha, aliyenilea, alikuwa mmoja wao. Mgongo wake ulikwisha kupinda kwa kazi hiyo. Kwa hiyo nisisingizie uzalendo. Nilipoikunja ile ramani na kuitia ndani ya kitenge bila kumwomba mtu ruhusa, nilikuwa nawaza mgongo wa Jenipha.

Niliomba lifti kwenye lori la wanunuzi wa pamba, nikashukia Mwabulimba asubuhi ile ile ambayo wachimbaji walikuwa wamefika. Mkutano ulikuwa ndani ya ghala la chama cha ushirika. Ghala lilikuwa tupu, maana siku hizo kila mnunuzi alitundika mizani yake barabarani, na chama kilibaki na popo wake. Watu walikaa sakafuni, wanaume mbele, wanawake nyuma, kama kawaida yetu tunapojadili maji ambayo wanaume hawachoti.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu mwenyekiti wa kijiji, Mahona, kwa Kisukuma, kama anavyosalimiwa mama asubuhi.

"Mwangaluka, baba. Nimekuja na kitu."

Aliyesimamia uchimbaji alikuwa injinia Magese, kijana wa Lamadi aliyekulia Dar es Salaam, mpole, miwani ya jua kichwani. Alikwisha kuweka kigingi karibu na barabara. Nikaitandaza ramani juu ya magunia, nikamwonyesha msalaba wa Athanasi. Akaitazama kwa adabu.

"Mama, heshima yako," akasema. "Mimi nina mashine ya kupima chini ya ardhi. Hii ni penseli."

Watu wakacheka. Mimi nina ugonjwa mmoja: nikichekwa, sauti inapanda. Nikasimama nikasoma yale maneno yote kwa nguvu, neno kwa neno, ili kila mtu asikie na injinia ashike adabu. Nikasoma maji yasiyokauka, nikasoma mwaka wa njaa, na nikasoma "yule nisiyemtaja" kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma tangazo la mnada.

Watu wakageukiana.

"Msalaba uko wapi?" akauliza mtu. Nikasema mteremko wa mashariki, unaoelekea jiwe jeupe.  Kilima kile kilihamwa mwaka sabini na nne, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wakaletwa huku barabarani na nyumba zikabomolewa. Wengi wa wenyeji wake walikwenda mbali na hawakurudi. Mahali pakikaa patupu miaka ishirini na mbili, maneno yanaota kabla ya magugu. Mbuzi akipotelea huko watu walisita kumfuata.

"Mtu mzuri hutajwa," akasema Mahona taratibu. "Huyu asiyetajwa alikuwa nani?"

Mama mdogo Jenipha ndiye aliyejibu, kutoka nyuma, na kanga ameivuta mpaka kidevuni. "Tunajua asiyetajwa ni nani. Bora mchanga wa mto kuliko maji ya mchawi."

Wanawake wakaitikia.  Walioishi kwetu miaka ile wanajua kwamba neno hilo halikuwa la mchezo. Bibi aliyepikia samadi ya ng'ombe maisha yake yote, macho yakawa mekundu kwa moshi, aliweza kukatwa panga kwa sababu ya macho hayo tu. Mimi nilidhani nimewaletea maji. Kumbe nimesimama mbele ya watu mia mbili na kumpaka marehemu wa mtu uchawi, na kama alikuwa na ukoo uliobaki pale, nimewapaka na wao. Nilitaka kuimeza ile ramani.

"Basi tuchimbe pa barabarani," akasema Mahona. "Shauri limekwisha."

"Halijaisha," ikasema sauti.

Alikuwa bibi Nyanjige. Huyu alirudi Mwabulimba kutoka Malampaka miaka mitatu kabla, baada ya kufiwa na mumewe, akawa anaishi kwa mpwa wake. Nilimjua kwa kumsalimia tu. Aliinuka akishika ukuta, akaja mpaka mbele kwenye wanaume, jambo ambalo wanawake hawakulizoea, akasimama juu ya ramani.

"Ng'wana wane, mwanangu, soma tena," akaniambia. "Polepole. Na jina la aliyeandika."

Sikutaka. Niliyatazama macho yake, na yalikuwa mekundu kama ya bibi yeyote wa kwetu. Lakini alikuwa ananitazama kama mwalimu anayengoja, basi nikasoma tena, polepole, na nikamalizia: Athanasi Mhoja, mshika mnyororo.

Nyanjige akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya gunia, akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Athanasi ni mume wangu," akasema. "Na huyo asiyetajwa ni mama yangu mzazi. Nyie watu wa Mwabulimba, nani kati yenu anamtaja mama mkwe wake?"

 Nilimwona Mahona anakunja mguu wake nyuma ya mwingine. Mama mkwe wa Mahona alikaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na kila walipokutana njiani mwenyekiti aliruka pembeni kwenye miba, ndiyo maana ile miundi yake haikupona vidonda mwaka mzima. Kwetu mkwe mwanaume hasimami njia moja na mama mkwe, hamwangalii usoni, hali naye, na jina lake halipiti mdomoni mwake. Ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote. Athanasi hata na penseli mkononi, porini peke yake, aliona jina lile ni zito kuliandika. Na sisi, Wasukuma watupu ghala zima, tumesikia heshima tukaiita uchawi. Mimi nilikuwa wa kwanza. Baba mkwe wangu nilimzika bila kumtaja jina hata siku moja, lakini miaka ya masijala ilikuwa imenifundisha kwamba kisichoandikwa kina kasoro. Niliona aibu, na nikasema mbele ya wote kwamba naona aibu.

"Sasa bibi," akasema Magese, na nikaona miwani ameishusha mkononi, "kama huyo mzee hakuongea na mama mkwe wake, aliambiwaje?"

"Na mimi," akasema Nyanjige. "Mimi ndiye niliyekuwa katikati."

Akatueleza. Mwaka ule alikuwa mke mpya, na siku hiyo alikuwa amekuja kumwona mama yake. Athanasi alikuwa akizunguka na wapimaji, akafika kwa wakwe akiwa na kiu, akauliza habari za maji. Mama alikuwa ndani, nyuma ya mlango. Athanasi alikuwa nje, kule mkwe anakokaa. Nyanjige akapeleka neno na kurudisha neno, huku na huku, mpaka nyayo zikamwuma. Mama alikuwa na mahali pake chini ya mteremko, alipopafukua mwaka wa njaa tu, akanywesha jirani wote, kisha mvua zikija anapafunika kwa mawe na mchanga ili ng'ombe wasipaharibu. Akamwambia binti, mwambie huyo bwana nitamwonyesha.

"Tukaenda watatu," akasema. "Mama mbele kabisa. Mimi katikati. Athanasi nyuma, uso ameugeuza pembeni asimwone, anahesabu hatua kwa sauti. Alijikwaa mara nne. Mama akawa ananiambia, mwambie aangalie kisiki. Nami nafika kumwambia, amekwisha kuanguka."

Hapo ghala zima lilicheka, na kilikuwa kicheko kizuri. Hata popo waliamka.

"Na miaka yote hii umenyamaza?" Mahona akamwuliza. "Umeona tunachanga pamba, umenyamaza?"

"Nani aliniuliza?" akasema Nyanjige. "Kamati yenu ilikaa mara sita. Mimi nilipita mlangoni mara sita na mtungi."

Mahona akainuka, akatangulia mlangoni.

Tukapanda kilima, kundi zima. Mama mdogo Jenipha hakuja. Alibaki mlangoni mwa ghala, mikono kifuani, nami sikuwa na muda wa kumbembeleza. Huko juu nyumba zilikwisha kuwa udongo zamani, lakini ua wa minyaa ulikuwa umesimama, mrefu kuliko mtu, ukizunguka mji usio na mtu. Nyanjige alizunguka nao taratibu akigusa. Magese alitaka tuanze kupima kutoka pale palipokuwa na mlango wa nyumba. Bibi akamvuta shati.

"Mkwe hafiki mlangoni, mwanangu. Wewe umelelewa wapi?"

Akatutoa nje ya ua, upande wa zizi, mpaka kwenye jiwe bapa lililozama nusu ardhini. Akaufagia udongo kwa mguu. "Hapa alikaa siku ya kuniposa, hapa alikaa siku hiyo, na hapa alikaa siku ya matanga ya mama. Hakusogea hata shubiri."

"Hatua mia tatu na arobaini," akasema Magese. "Hatua za nani sasa? Za mtu mrefu au mfupi?"

Hapo na mimi nikapata la kusema. Barua nilizozisoma chumba cha nyuma zilikuwa na maagizo kwa washika mnyororo. Walifundishwa kutembea hatua ya yadi moja kamili, wakapimwa, na aliyeshindwa alirudishwa kwenye kufyeka. Nikamweleza. Magese akapiga hesabu kwenye kiganja, mita mia tatu na kumi na moja, akaagiza futi ndefu ya kupimia, na tukateremka kuelekea jiwe jeupe, Nyanjige akiwa amemshika mkono.

Futi ilikomea kwenye kichaka cha miba, mahali ambapo hakuna mtu angepatazama mara mbili. Vijana wa Magese wakafyeka. Chini ya majani kulikuwa na mawe mengi ya ukubwa mmoja, yamekaa kwa kupangwa. Magese akaleta ile mashine yake ya kupima, akachomeka nyaya, akasoma, akahamisha, akasoma tena.  Mwishoni akachukua kigingi akakipigilia mwenyewe.

"Pa barabarani nilipapima kwa sababu lori linafika," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ndipo nilipoambiwa nipime. Hapa pana kitu, mama. Lakini siahidi."

Wanaume wa Mwabulimba walikata njia ya lori siku mbili, Mahona akiwa mbele na shoka. Siku ya tatu mtambo ukaanza kunguruma. Mita kumi, vumbi jekundu. Mita ishirini, vumbi. Mita thelathini vumbi likageuka jeupe kama unga wa muhogo, na watu wakaanza kunitazama mimi. Nikamtazama Nyanjige. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, anasuka ukili. Kama alikuwa na wasiwasi, mikono yake haikuonyesha. Mimi nilikuwa nimeiweka pamba ya misimu miwili ya watu wote juu ya maneno ya penseli, na nilijua nikikosea sitarudi tena kijijini kwa mama mdogo. Mita thelathini na nane bomba likatema tope. Mita arobaini na mbili maji yakaruka juu ya mtambo, yakamlowanisha Magese na karatasi zake zote, naye akabaki amesimama pale pale anacheka mdomo wazi.

Nililia. Sioni sababu ya kuficha.

Wiki iliyofuata, pampu ya mkono ilipokwisha kufungwa, nikaomba ruhusa kazini, nikaenda tena. Nilitegemea kukuta foleni. Niliwakuta wanawake wamesimama mbali, karibu na ule ua wa minyaa, ndoo zimekaa tupu miguuni. Maji walikwisha kuyaona, lakini lile neno la uchawi lililosemwa ghalani lilikuwa bado liko kati yao na pampu. Nyanjige alikuwa amekaa peke yake kando ya kisima. Hakumwita mtu. Niliingiwa na hasira nikataka kuwahutubia, halafu nikakumbuka hotuba yangu ya mwisho ilivyowafaa, nikafunga mdomo.

Mama mdogo Jenipha ndiye aliyetoka. Alitembea na mgongo wake ule ule, ndoo kichwani, mpaka mbele ya Nyanjige. Akaitua. Akapiga goti, kama kwetu mtu anavyompigia aliyemzidi.

"Mayu," akasema, "kwetu hatuchoti kwa mtu bila kubisha hodi. Mama yako aliitwa nani?"

Bibi aliuweka ukili chini. 

"Minza," akasema.

Jenipha akageukia kisima, akapaza sauti ili wale wa kwenye minyaa wasikie vizuri.

"Hodi, Minza," akasema. "Tumekuja kuchota."

"Karibuni," akajibu Nyanjige kwa niaba ya mama yake, akainuka, akashika mpini wa pampu.